Mlinzi wa Chuma na Mtu Anayemwongoza

Barua tulizozichagua mwezi huu zinahusu michezo ya kuigiza ya saibapanki, yaani ile michezo ya mezani ambamo wachezaji huigiza wahusika wanaoishi katika miji ya kesho inayotawaliwa na makampuni makubwa, huku mwendesha mchezo akiwaeleza yanayowazunguka na kuamua matokeo ya matendo yao kwa kanuni na dadu. Wote walioandika wanauliza, kila mmoja kwa upande wake, kuhusu mlinzi wa aina moja: roboti yenye umbo la mtu ambayo huongozwa kwa mbali na mtu aliyekaa kwingine.

Swali: Ndugu Mhariri, ninaendesha mchezo wa Cyberpunk RED kwa marafiki zangu wanne. Katika kipindi kijacho wahusika wao wataingia kwa siri katika jengo la kampuni moja mjini Night City, nami nimeamua kwamba walinzi wa jengo hilo wawe roboti zenye umbo la mtu zinazoongozwa na watu kwa mbali. Mchezaji mmoja nilipomdokezea alipinga. Anasema kwamba kampuni yenye fedha za kununua roboti ingeiacha ijiongoze yenyewe, na kama inahitaji akili ya mtu ingemwajiri askari akasimama getini. Nimjibu nini? — Msomaji, Arusha

Jibu: Mchezaji wako ameuliza jambo la maana, na jibu lake ndilo litakaloamua jengo lako liwe la namna gani, kwa hiyo tusilipite haraka. Kazi ya ulinzi, ukiondoa dakika chache za hatari, ni kazi ya kupambanua watu. Huyu aliyesimama mlangoni saa nane za usiku ni fundi wa lifti aliyeitwa na meneja, ni mfanya usafi aliyesahau kitambulisho, au ni mwizi aliyevaa ovaroli ya kuazima? Mashine inayojiongoza hutembea na kupiga picha bila kuchoka, lakini hapo ndipo inapokwama. Kwa upande mwingine, askari wa damu na nyama huumia, hudai fidia, na anaweza kufa mikononi mwa mwajiri wake. Kampuni inayotumia roboti ya kuongozwa kwa mbali imenunua akili ya mtu bila kuuweka mwili wake hatarini, na katika dunia ya saibapanki imenunua pia kitu cha tatu ambacho wakurugenzi hawakitaji hadharani, nacho ni mtu wa kubebeshwa lawama. Mashine ikiua yenyewe, kesi ni ya kampuni. Ikiwa kulikuwa na mwendeshaji, kampuni itasema kwamba mwendeshaji alikiuka maagizo.

Umbo la mtu nalo lina sababu yake. Majengo yamejengwa kwa ajili ya miguu, mikono na kimo cha binadamu, na roboti ya magurudumu hukwama mahali ambapo mtoto mdogo anapita. Mwezi Julai 2017 roboti ya doria aina ya K5 ya kampuni ya Knightscope, yenye uzito wa karibu kilo 180, ilitumbukia kwenye bwawa la chemchemi katika jengo la ofisi na maduka mjini Washington. Mwaka 2023 polisi wa New York waliijaribu roboti ya aina hiyohiyo katika kituo cha treni za chini ya ardhi cha Times Square, ambako haikuweza kupanda wala kushuka ngazi na ilisindikizwa na askari. Hata hivyo usimdanganye mchezaji wako kwamba miguu miwili inamaliza tabu zote. Katika mashindano ya roboti yaliyoandaliwa na DARPA, shirika la utafiti la wizara ya ulinzi ya Marekani, huko Pomona, California, mwaka 2015, roboti kadhaa zenye umbo la mtu zilianguka mbele ya watazamaji zikijaribu kufungua mlango au kushuka garini.

Jambo ambalo ningependa ulitazame kwa makini zaidi ni jinsi kazi inavyogawanywa kati ya mashine na mtu, kwa sababu mfano wake tayari upo duniani. Roboti zinazopanga chupa za vinywaji katika maduka ya FamilyMart nchini Japani hujiendesha zenyewe kwa muda mwingi, na pale zinapokwama, mwendeshaji aliyeko Manila, Ufilipino, huingia na kuiokoa kazi. Wafanye walinzi wako vivyo hivyo. Usiku kucha roboti sita zinazunguka korido zenyewe kwa mwendo uleule, na katika kibanda kimoja amekaa mwendeshaji mmoja au wawili ambao huingia katika mwili unaohitaji uamuzi. Kwa mpangilio huo umepata ishara bora kabisa ya kuwatia wachezaji wasiwasi: wakati mtu anapoingia. Roboti iliyokuwa ikipita inasimama, kichwa kinageuka polepole kuliko kawaida, bega moja linashuka kama la mtu aliyechoka, na sauti iliyokuwa ikirudia maneno yaliyorekodiwa inauliza, kwa lafudhi ya mtu wa mtaani, "Samahani, mbona sikufahamu?" Eleza ishara hiyo kwa namna moja kila mara, na baada ya muda si mrefu wachezaji wataanza kuivizia wao wenyewe.

Usisahau chaji. Roboti ndogo ya Unitree G1, ambayo inauzwa leo, hufanya kazi kwa takriban saa 2 kabla betri haijaisha. Hata ukiongeza muda huo mara nne kwa ajili ya mwaka 2045, ambamo Cyberpunk RED imewekwa, bado jengo lako litahitaji chumba cha kuchajia, ratiba ya kupokezana, na dakika chache ambazo ghorofa moja haina mwili wowote unaotembea. Mchoree mchezaji wako ratiba hiyo, naye ataacha kubisha na kuanza kupanga.

Swali: Wachezaji wangu wakikutana na walinzi binadamu huwaza mara mbili kabla ya kufyatua risasi, lakini wakikutana na roboti hupiga tu, kwa kuwa "hakuna anayekufa". Naona mchezo unapoteza uzito wake. Je, niache kutumia walinzi wa aina hii? — Msomaji, Mombasa

Jibu: Usiache. Walinzi hawa, wakiendeshwa ipasavyo, huleta uzito mkubwa kuliko askari wa kawaida, na sababu ya kwanza ni ya kikatili kidogo. Wahusika wanaomuua mlinzi binadamu wamemnyamazisha shahidi. Wakiivunja roboti, shahidi amebaki mzima kabisa mahali wasipopajua. Ameziona nyuso zao kwa kamera nzuri kuliko macho ya mtu, ameisikia sauti ya kila mmoja, na yote yamehifadhiwa katika seva ya kampuni. Kwa hiyo risasi, ambayo kwa kawaida hufunga mazungumzo, hapa huyafungua. Kipindi kinachofuata, mwendeshaji huyo anaitwa na wapelelezi wa kampuni kutambua picha, na wachezaji watakuwa na sababu ya kumtafuta wakiwa bado hawajaamua watamfanya nini wakimpata.

Sababu ya pili ni hofu. Mtu asiyeweza kufa hatishiki kwa bunduki, na wachezaji waliozoea kumwelekezea mlinzi mtutu ili alale chini wataona ajabu akiwasogelea. Lakini mwendeshaji naye ana hofu zake, na hizo zinahusu mkate wake: msimamizi anayemtazama kwenye skrini nyingine, mshahara utakaokatwa roboti ikiharibika, mkataba unaoisha mwisho wa mwezi. Askari wa getini mwenye njaa anaweza kulainishwa kwa kitu kidogo. Mwendeshaji wa mbali huwezi kumpa noti mkononi, na kila neno mnaloongea linarekodiwa, kwa hiyo mhusika mwenye ulimi mzuri atalazimika kutafuta namna ya kumhonga au kumsihi bila maneno yanayoonekana kuwa ya hongo. Hizo ni dakika tamu sana za kuigiza, na hazihitaji dadu nyingi.

Sababu ya tatu ndiyo iliyo karibu zaidi na moyo wangu. Mjini Tokyo kuna mkahawa uitwao DAWN, uliofunguliwa mwaka 2021, ambamo roboti za OriHime huhudumia wageni zikiongozwa na watu walioko majumbani kwao. Wengi wao ni watu wenye ulemavu au maradhi yanayowazuia kutoka, wakiwemo wenye maradhi ya kudhoofika misuli ambao huandika maneno kwa mwendo wa macho tu. Kwa watu hao roboti ni njia ya kwenda kazini, kusalimiana na wageni na kupokea mshahara. Sasa hamishia jambo hilo katika mji usio na huruma, ambamo kampuni imegundua kwamba mtu asiyeweza kutoka kitandani ni mfanyakazi mwaminifu asiye na pa kwenda, ikampa mwili wa chuma, sare na zamu ya saa 12. Mlinzi aliyevunjwa na wachezaji amepoteza miguu kwa mara ya pili.

Nakuomba tu usilitumie jambo hili kama mtego wa kuwaliza wachezaji baada ya tendo, kwa maana watahisi wamechezewa, na watakuwa na haki ya kuhisi hivyo. Mwonyeshe mtu huyo mapema. Mfanye awasalimie mchana wanapopeleleza jengo wakijifanya wateja, awaelekeze lifti ilipo, amtanie mmoja wao kuhusu viatu vyake. Usiku wakikutana naye tena watakuwa na jambo la kuamua, na uamuzi utakuwa wao.

Swali: Je, umbali kati ya mwendeshaji na roboti unapaswa kuathiri kanuni za mapigano? Mimi hutumia mchezo wa dadu ya pande 10, na ningependa hesabu iliyo rahisi lakini yenye ukweli ndani yake. — Msomaji, Nairobi

Jibu: Unapaswa, ingawa kwa kiasi kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Ishara inayopita katika nyaya za mwanga husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Tokyo hadi Manila, mwendo wa kilomita 3,000 hivi, ishara na jibu lake hutumia karibu sehemu 3 kati ya 100 za sekunde, ukiacha muda wa kamera na mitambo ya njiani. Mtu hahisi pengo hilo. Hali hubadilika ishara ikipitia setilaiti iliyotulia juu ya ikweta, kwenye kimo cha karibu kilomita 36,000, kwa kuwa kwenda na kurudi kwake huchukua karibu nusu sekunde. Katika Cyberpunk RED mzunguko mmoja wa mapigano ni kama sekunde 3, kwa hiyo mwendeshaji wa setilaiti anapoteza sehemu ya sita ya kila mzunguko kabla hajafanya lolote.

Hesabu ninayoipendekeza ni hii. Mwendeshaji aliye ndani ya jengo au mjini humo kwa waya asiadhibiwe. Aliye nchi nyingine kwa waya apunguziwe 1 katika kulenga na kukwepa, na wa setilaiti apunguziwe 3 na awe wa mwisho kutenda katika mzunguko. Kwa dadu ya pande 10 kila pointi ni kama asilimia 10 ya uwezekano, hivyo punguzo la 3 linaumiza kweli bila kumfanya mlinzi kuwa kichekesho. Punguzo hilo lisiguse kutembea, kusimama wala kupanda ngazi, kwa sababu mizani ya mwili hushughulikiwa na roboti yenyewe. Katika yale mashindano ya Pomona waandaaji waliyadhoofisha mawasiliano makusudi, na roboti ambazo hazikuweza kufanya lolote bila mtu zilibaki zimeganda.

Ikiwa mchezo wako unafuata historia ya Cyberpunk RED yenyewe, basi kumbuka kwamba katika dunia ile mtandao mkuu wa zamani umekwisha kuanguka, na majengo yana mitandao yao ya ndani ambayo mdukuzi hawezi kuifikia mpaka awe ndani ya mita 6 za mahali pa kuunganishia. Ni jambo la busara basi kuwaweka waendeshaji ndani ya jengo hilohilo au jirani yake, na hapo suala la umbali linakuwa suala la mlango: kibanda kiko ghorofa ya ngapi, na nani ana ufunguo?

Wanaocheza Shadowrun wana jambo moja la ziada. Katika mchezo huo mwendeshaji anaweza kuiingia mashine kwa akili yake yote, akaihisi kama mwili wake, na katika matoleo kadhaa mashine ikiharibiwa akiwa ndani, yeye huumia kweli. Ukitumia kanuni hiyo, yale niliyomjibu msomaji wa Mombasa yanakuwa makali zaidi.

Swali: Mdukuzi wa kundi letu huziteka roboti zote kwa pamoja na kuzigeuza jeshi lake, wengine tukabaki kunywa chai. Mwendesha mchezo afanye nini bila kumnyima mdukuzi raha yake? — Msomaji, Zanzibar

Jibu: Utekaji wa namna hiyo si ndoto tupu. Mwezi Septemba 2025 watafiti wa usalama walitangaza udhaifu katika mawasiliano ya Bluetooth ya roboti za Unitree, ambao kwa huo mtu angeweza kuiteka roboti moja, nayo ikaambukiza nyingine zilizo karibu. Mdukuzi wenu ana haki ya kujaribu. Kinachotakiwa ni kuacha kuitazama roboti kama kitu kimoja kinachotekwa chote au kisitekwe kabisa.

Igawe mara tatu: macho, viungo na sauti. Kila sehemu iwe na kazi yake ya kudukuliwa, na kwa lugha ya Cyberpunk RED unaweza kuiwekea kila moja kifundo chake cha uongozi, yaani mahali pa kuiongozea, katika mtandao wa jengo. Anayeteka viungo anapata nguvu, lakini mwendeshaji anajua papo hapo, kwa kuwa mikono haimtii tena, naye atabonyeza kitufe cha kuzima umeme wa roboti hiyo, kitufe ambacho hakimo katika mtandao wowote. Anayeteka macho peke yake anapata kitu chenye thamani kubwa zaidi: anaweza kumwonyesha mwendeshaji korido tupu huku wenzake wakipita, mradi picha isijirudie kwa namna ya kushukiwa. Na anayeteka sauti anaweza kuongea na mwendeshaji akijifanya msimamizi wake, kazi ambayo mdukuzi haiwezi peke yake ikiwa ulimi wake ni mzito, hivyo atamhitaji yule mwenzenu msemaji.

Kampuni zenye hadhari zitarudi kwenye waya. Katika vita vya Ukraine pande zote mbili zimetumia droni zinazovuta uzi mwembamba wa mwanga nyuma yake, kwa sababu uzi haupokei kelele za mitambo ya kuvuruga mawimbi. Mlinzi anayeburuta uzi hawezi kudukuliwa kutoka hewani, lakini uzi unakatika, unanasa kwenye milango, na, la muhimu kuliko yote, ukiufuata unakufikisha kwa mwendeshaji. Hapo mpiganaji, fundi na mwizi wa kimyakimya wote wana kazi, na chai itapoa mezani.

Swali: Mfululizo wangu nimeuweka katika bandari ya Dar es Salaam ya mwaka 2090. Waendeshaji wa walinzi niwaweke wapi? — Msomaji, Mwanza

Jibu: Nje ya nchi, kwa sababu ya gharama, na hapo ndipo penye kisa chako. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania na katika nchi jirani kwa siku kadhaa. Wasomaji wengi wanalikumbuka. Katika mwaka wako 2090 waya ukikatika, kampuni ya bandari itahamia kwenye setilaiti, na walinzi wote wa makontena watachelewa nusu sekunde. Wezi wa mjini wanalijua hilo.

Mbakishe pia askari mmoja binadamu getini, mtu mzima, mwenye kuwajua madereva kwa majina, ambaye kampuni imeshindwa kumwondoa kwa kuwa roboti zinaposimama yeye ndiye anayezisukuma kando ili malori yapite. Vilevile zingatia hewa ya chumvi, kwani viungo vya chuma vilivyo wazi kandokando ya bahari huhitaji matengenezo ya mara kwa mara, na mafundi wa matengenezo ndio watu wa kwanza ambao wachezaji wako wanapaswa kufahamiana nao. Habari ya kukatika kwa waya itangaze katika kipindi kimoja, kama taarifa ya redioni inayopita tu, na uiache ratiba ya meli inayotia nanga wiki hiyo mahali ambapo mchezaji mmoja ataiona. Wakiunganisha mambo hayo mawili, wape kipindi kizima cha kupanga kabla ya usiku wenyewe.